Kwanza kwa Magoti

Kwanza piga magoti, Asaa.
Leo hapana anayeangushwa kutoka mbali.
Nyasi za Limbani zimefyekwa jana,
vimebaki visiki vinavyochoma,
lakini vinachoma tu, havivunji.
Na kule pembeni, kwenye majamvi, pana karafuu za watu:
atakayeangukia upande ule
atagombana na mimi, kisha na mwenyewe Bi Kaije.

Mpira huu, tazameni, haukukaa sawa,
una ncha mbili kama papai bichi,
ukidunda haumuulizi mtu.
Tuuwache. Leo tunajifunza mtu.

Mtu anakuja. Usimtazame usoni:
Shaame anajua kucheka kulia akakimbilia kushoto.
Tazama kiuno. Kiuno hakina uongo.
Sogea, sogea mpaka usikie pumzi zake.
Kichwa chako — kiko wapi kichwa? —
kipite nyuma yake, kisitangulie mbele ya magoti yake hata siku moja.
Shavu lako ligande kwenye shavu lake la kukalia.

Haya, chekeni kwanza. Tumalize.

Macho wazi. Kidevu juu.
Bega ndilo linalobisha hodi,
mikono izunguke, ishikane,
kama unavyokumbatia gunia la makonyo
usilotaka limwagike njiani.

Mize akalivaa gunia letu la makumbi.
Gunia halikuguna.
Akalivaa tena, akauliza kama limeumia.

Na wewe unayeshikwa, usinyooshe mkono kuiwahi ardhi.
Ardhi haikimbii.
Pakata mpira, anza na goti, kisha paja, kisha bega,
ujibiringishe kama nazi iliyochoka.

Mkono wangu huu, mnaopenda kuuiga nikigeuka,
haukupindishwa na raga.
Nilikuwa na miaka tisa. Mkarafuu ulikuwa na umande,
tawi likasema neno moja,
nami nikanyoosha mkono kuiwahi ardhi.
Wakauunga kwa vibanzi vya mianzi; ukaungika utakavyo wenyewe.
Nyumba nzima ile, mtaa mzima,
walinifunza kupanda.
Hapana aliyenifunza kuanguka.

Wiki ya kwanza magoti, ya pili magoti
(walinung'unika, suruali za skuli zikatoboka,
mama mmoja akaniletea bili ya fundi),
ya tatu kuchutama,
ya nne tukatembea taratibu
kama tunaomsindikiza bibi harusi.

Alhamisi ya wiki ya tano, baada ya alasiri,
nikasema: wima.

Bi Kaije alikuwa akipindua karafuu zake kwa unyayo,
kanga begani, mgongo kwetu. Akageuka.
"Mwalimu, mjukuu mmoja tu nilobakishiwa,
nawe wamfunza kuangushwa?"

Nilikuwa na jibu. Nililiandaa tangu magoti.
Likanikauka mdomoni,
kwa sababu Shaame alikwishaanza kuja,
Shaame anayekula kwao kisha akala kwa jirani,
na Asaa, uzito wake pishi chache,
alikuwa ameinama, anatazama kiuno.

Sauti yenyewe ndogo.
Kama mlango wa kabati uliofungwa na mtu mwenye adabu.
Wakaenda chini pamoja, goti, paja, bega,
vumbi dogo, kandambili ya nani sijui.

Nilikiona kichwa. Kilikuwa nyuma.

Shaame chini anacheka, mpira kaupakata.
Asaa mikono bado imeshikana,
kama aliyesahau alichokibeba,
mpaka Mize akamwambia: mwachie, kesha anguka.

Nikageuka kumtafuta Bi Kaije.
Unyayo mmoja bado umo ndani ya karafuu,
mkono kaukinga juani, juu ya macho.

"Warejee," akasema.
"Sikuona kichwa kilipokaa."