Hasi Themanini

Leo naifungua friza hii kwa mara ya mwisho kama mwenye nyumba.
Kesho itakuwa ya Kaarel, kijana aliyezaliwa
mwaka ule jaribio langu la nne lilipokufa.
Moshi baridi unanimwagikia miguuni.
Nimevaa glavu za bluu, pea mbili juu kwa juu,
mimi niliyeanza kazi nikizifua glavu zangu
kwa sabuni ya mche na kuzianika kwenye bomba la mvuke,
kando ya soksi za Endel, fundi wa maabara,
maana Moscow ilituletea picha za maroketi
ila glavu haikuleta.

Kichupa cha kwanza: F-17.
Wino umepauka. Mwandiko ni wangu wa ujana,
wa msichana anayedhani ana haraka.
F ni Fevronia, muuza vitunguu wa Ziwa Peipsi,
aliyevisuka mikia viwe mikufu mirefu,
akaja hospitali ya Tartu na titi gumu kama jiwe la kusagia.
Kabla ya kutia sahihi aliuliza swali moja:
"Hicho mtakachokikata, mtakilisha nini?"
Daktari alicheka.
Mimi nilikwenda kuandika jibu: sukari, chumvi,
damu ya ndama iliyochujwa,
joto la nyuzi thelathini na saba.

Alizikwa Machi, udongo ukiwa bado barafu.
Seli zake hazikupewa taarifa.
Zimekula mkononi mwangu miaka thelathini na minne,
kila Jumatatu, kila Alhamisi,
hata Alhamisi ile hakimu alipotutenganisha mimi na Ülo
nikatoka mahakamani moja kwa moja kwenda kuzilisha.

Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa.
Nikavua nguo, nikavua ngozi,
nikakikuta ndani zaidi, kimo katika tahajia:
herufi moja imekaa pasipo pake
katika neno lenye herufi elfu tatu,
na mwili mzima unalisoma kosa lile kwa sauti.

Miaka kumi na moja nilisema protini hii ni breki.
Nilisema Uppsala, nilisema Lyon, nimevaa koti la kuazima.
Kisha watu wawili wa Osaka wakaonyesha,
kwa picha safi hadi zikaniudhi,
kwamba kwenye ini ni breki, kwenye titi ni mafuta.
Nikarudia kila kitu, miezi tisa, nikisaka kosa lao.
Nilichozaa ni hiki: walikuwa sahihi.
Barua ya pongezi niliichana mara tatu kabla ya kuituma.

Na usiku ule wa kiangazi, jua likikataa kuzama,
mji mzima uko nje unaruka mioto ya Jaani,
umeme ukakatika.
Endel akapanda baiskeli hadi kiwanda cha aiskrimu
kuomba barafu kavu, akarudi na magunia mawili
na vidole vilivyoungua kwa baridi.
Droo tatu ziliyeyuka. Ya F ilipona.
Makala zangu ni arobaini na sita;
nimezipekua zote jana,
jina lake halimo hata moja.

Dawa yetu iliishia hatua ya pili.
Iliongeza wiki sita, basi. Magazeti yaliandika: imeshindwa.
Mwanamume mmoja wa Pärnu aliniandikia
kwamba katika wiki hizo mkewe alimaliza sweta;
ulikuwa umebaki mkono wa kushoto.
Sijui kama alikuwa ananishukuru.

Kaarel amesimama mlangoni na daftari lake la kioo.
Namwambia: hizi hutupi. Jumatatu na Alhamisi.
Anaandika. Anainua kichupa, anakitazama kwenye taa,
halafu anauliza, "Zinakula nini?"
Nafungua kinywa,
na friza inaanza kupiga kelele:
mlango umekaa wazi mno.