Kofia

Kazi yangu ni mlango.
Saa moja jioni nausimamia, nachana tiketi,
namwambia kila aingiaye, kwa Kiarabu cha miezi saba,
azime simu.

Waliojenga ni Wareno, lasema bango.
Bango halisemi nani alibeba mawe.
Humu palisomwa misa, kisha pakawekwa baruti,
kisha, adai Biju wa mitambo, pakalala mbuzi wa askari,
halafu miaka mingi hapakulala kitu.
Sasa ni viti arobaini na kimoja,
riyali kumi na mbili kila kiti,
na safu ya mbele haiuzwi.

Siku yangu ya kwanza niliingia mbio, nimechelewa.
Mkono wa kulia ukanitoka wenyewe
(miaka thelathini Bura imeufunza njia)
ukaenda kwenye kikombe cha jiwe, ubavuni mwa mlango.
Vidole vikagusa betri.
"Ziache hapo," akasema Biju, "za maikrofoni hizo,"
nami nikabaki na kidole hewani
mbele ya paji la uso, kama mtu
aliyesahau jina la anayemwita.

Na kofia nilikuwa nimeshaivua.
Hilo ndilo lililoniponza.
Bwana Harith, msimamizi, si mtu mbaya:
hunipa tende, huuliza homa ya mwanangu imeshuka?
Aliniita kando. "Mwambingu, kofia ni sare."
Nikaivaa.
Tangu hapo kila Alhamisi navaa kofia
ndani ya nyumba ambamo mama yangu
angenipiga konzi kwa kuivaa.

Najiambia: si kanisa tena.
Altare haipo, pale pana zulia na nyaya.
Msalaba haupo, ila ukutani chokaa imefifia mahali
na sijui kama ni msalaba au ni unyevu.
Kanisa langu liko Ruwi, Ijumaa, misa ya saa mbili,
tunabanana mataifa chungu nzima, watoto wanalia kwa lugha zote.
Najiambia hivyo. Kisha natazama dari
walivyolipinda ili lipokee sauti,
naona jiwe bado halijaambiwa.

Alhamisi hii amekuja binti wa Sur, Muzna, na udi wake.
Aliketi, akasikiliza, akasema neno moja,
Biju akazima kiyoyozi.
Masqati, mwezi wa Juni, kiyoyozi kimezimwa:
hiyo peke yake ni kitubio.
Watu waliacha kujipepea, mmoja mmoja.

Haikuwa sala. Ulikuwa, nilielezwa baadaye,
wimbo wa mtu aliyeachwa Basra
na hakuandikiwa hata barua.
Lakini waya ule wa chini ulipoguswa
dari lililipokea, likakaa nalo, likalirudisha polepole
kama mtu anayerudisha alichoazima akiwa amekiosha.

Sijui ni lini niliivua.

Bi Zuwena hukaa kiti cha mwisho, karibu nami.
Kazaliwa Unguja, Kiswahili chake
hunifanya nione haya kwa changu.
Akaninong'oneza:
"Mbona umevua kofia?"
"Joto, Bibi."
Akatazama chini. Nami nikatazama.
Viatu vyake vilikuwa chini ya kiti, vimepangwa,
kisigino kwa kisigino.
"Eee," akasema. "Joto."

Ng'ambo, kando ya nguzo, Bwana Harith alituona.
Alitazama kofia mkononi mwangu, akatazama nyayo za bibi,
akarudi kusoma simu yake,
iliyozimwa.

Saa nne nilihesabu viti. Arobaini na kimoja.
Nikamkabidhi Biju betri zake, zikiwa na jasho langu.
Kikombe kilibaki na vumbi la ukutani,
nikakifuta kwa leso, ndani, halafu ukingoni,
ingawa usafi si kazi yangu.