Hatua Kumi na Nne

Chupa yako ni namba ishirini na saba, Mama Syombua.
Niliiandika kwa kalamu isiyofutika,
nikailaza kwenye boksi la barafu
kama mtu anayemlaza mtoto wa jirani.
Kisha ukanipa chai.
Nilijua maji yake yametoka wapi, nikanywa,
maana mgeni anayekataa chai Kawangware
hashikishwi tena kamba ya kisima.

Wiki mbili, na mashine ya Chiromo ikatema tarakimu:
naitreti mia moja na kumi na nane,
na hamsini ndiyo mwisho.
Nikakuletea karatasi, imepigwa muhuri.
Uliigeuza juu, ukaigeuza chini,
ukaifunikia ndoo.
"Daktari, maji haya hayana rangi, hayana harufu,
yamelea watoto wangu watano
na wa watu nisiowajua majina.
Hiyo karatasi yako
imewahi kuona kiu?"

Jibu sikuwa nalo. Nilikuwa na rangi:
kopo la unga mwekundu, wekundu wa matofali,
ambao ukionja maji tu hugeuka kijani.
Nikaumimina chooni, kile cha mabati,
choo kimoja, vyumba kumi na viwili, mlango wa waya,
nikausukuma kwa ndoo nne za maji yako
uliyoniuzia bila kunipunguzia.
Wapangaji walicheka. Mmoja akauliza
tangu lini serikali ikapaka vyoo rangi kwa ndani.

Ikanyesha Jumapili. Ikanyesha Jumatatu usiku kucha.
Huko chini maji hayapigi hodi;
yanajipenyeza ufa kwa ufa,
yanabeba yote tuliyoyaaga
tukidhani tumeagana nayo.

Siku ya tisa ulinipigia kabla ya adhana.
Hukuniamkia. "Njoo uone."

Karai jeupe, na ndani yake
kijani.
Hafifu, kama maji yaliyolaza sukuma wiki.
Miaka yote ya shule nilifundishwa kuipenda dakika hii,
dakika ya kupatia.
Nikaandika saa, nikaandika tarehe,
mkono wangu ukakosea mwaka.

Ulikaa kwenye tofali, ukipima kwa macho
kutoka kisimani hadi chooni.
"Vyote alichimba Mutinda. Jembe moja.
Kisima mwezi wa pili,
choo mwezi wa tano, wapangaji walipoingia.
Nilimwambia, baba, sogeza kidogo.
Akapima kwa miguu yake: kumi na nne.
Ya kumi na tano ingekuwa kwa Njuguna."

Fomu yangu ina safu ya kina, ya joto, ya chumvi.
Haina safu ya Mutinda,
aliyeingia ardhini mara mbili kwa ajili yenu
na mara ya tatu hakutoka.

Basi nikafungua mdomo nikakuonyesha meno,
haya ya kahawia ninayoyafumbia kwenye picha.
"Njoro," nikasema. "Baba alikodi mtambo, akauza ng'ombe watatu.
Maji yaliporuka, mama alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka.
Yalikuwa meupe, Mama Syombua. Matamu.
Floraidi haina ladha."
Uliyatazama kwa muda mrefu, bila haya,
kisha ukapitisha ulimi kwenye yako.

Saa moja watoto wakaanza kufika na mitungi.
Uliburuta bati, ukaliweka mdomoni mwa kisima,
ukalikalia.
"Leo hakuna."
"Na kesho?" akauliza mdogo wao, mwenye sweta la shule
na kandambili zisizofanana.
Bomba la kaunti lilikohoa mara ya mwisho Jumanne.
Ukanigeukia.
Wao pia wakanigeukia,
na ile mitungi ya njano, kumi na mmoja niliyoihesabu,
vizibo mkononi, midomo wazi.