Kiti cha Kumi na Nne C

Walitufunza siku tatu, ghalani kule Sib,
ndani ya ndege isiyo na mbawa:
safu kumi za viti, zulia linalonuka gundi,
na mwalimu wetu Dadkarim, Mbulushi wa Matrah,
mstaafu wa jeshi mwenye goti bovu,
akijigeuza mwovu mara sita kwa siku.

"Wahudumu wanne," akasema, "abiria mia na sitini.
Hesabu hii mwenye nia mbaya kaipiga kabla yenu."
Tukafunzwa kufunga mikono ya mtu kwa mkanda wa kiti,
kutulia mpaka tuombwe,
kutazama viganja kwanza, uso baadaye,
kwani uso mtu huutengeneza nyumbani.
Nikacheka kimoyomoyo, mimi mshona kofia:
miaka ishirini na sita nala kwa kutazama.

"Ndevu si ushahidi," akasema.
"Kanzu si ushahidi. Lugha usiyoijua si ushahidi."
Hapo nikaikumbuka foleni ya Doha,
dada yangu simuni, Kiswahili changu kimepaa,
na bibi wa mbele yangu
akilivuta begi lake kifuani, taratibu,
kama mtu anayemfunika mtoto.

Nikapewa kadi ya kijani,
ndogo, kona moja imeshakunjika.

Tangu hapo nimeruka mara thelathini na moja,
Maskati kwenda Salala, Salala kurudi Maskati,
na halijatokea jambo.
Jirani yangu Shamsa huniuliza, "Umemkamata nani?"
Sijamkamata mtu.
"Basi wanakulipa cha nini?"
Hawanilipi.
Hunitazama kama niliyeuziwa halwa ya juzi.
Nitamwelezaje kazi
ambayo ukiifanya vizuri
haionekani kuwa umefanya?

Safari ya thelathini na mbili, yeye alikaa kumi na nne D,
njia tu kati yetu.
Hakusoma. Hakulala. Kahawa aliikataa.
Midomo ikicheza, alihesabu viti
mpaka mlango wa dharura, akarudia.
Viganja vyake vikavu, wazi, juu ya mapaja,
vinangoja.
Na jicho lake, kila nikigeuka,
lipo kwenye mkoba wangu.

Moyo ukanienda mbio. Ili niutulize
nikatoa kofia niliyoifikisha nusu,
nikatoa na sindano.
Akakaza bega.
Nikainama kuokota uzi,
nikasikia mkanda wake: ta! Umefunguka.
Nami wangu nikaufungua.
Tukakaa hivyo, bila mkanda, juu ya jangwa,
kila mmoja akisubiri mwenzake aanze.

Mhudumu akapita na toroli, akatutazama,
akasema kwa upole, "Mikanda, tafadhali."
Tukafunga. Pamoja. Kama watoto wa chuoni.

Salala ilikuwa na manyunyu ya kharif,
vioo vya uwanja vimetoa jasho.
Kwenye mkanda wa mizigo alifungua pochi
atafute risiti ya begi lake,
ikadondoka kadi. Ya kijani.
Niliiokota mimi. Nikaipangusa kwa leso.
Kisha nikamwonyesha yangu.

Hakucheka; alitoa pumzi ndefu
iliyokuwa kifuani mwake tangu Maskati.
"Ile sindano..." akasema.
"Ya kofia," nikamwambia.
"Nilijua."
Hakujua. Nami sikujua.
Dadkarim alitufunza kumwona adui
na kutomwona adui asipokuwapo;
la kumtambua mlinzi mwenzio
labda aliliweka siku ya nne,
na sisi tulilipiwa tatu.

Begi lake likaja, jeusi, limelowa.
Akaniuliza kofia ile ni ya nani.
Nikamwambia haijapata mwenyewe.
Akataka kuinama nimpime.
Sina haja, nikasema. Kumi na moja na robo.
Kichwa chako nimekipima angani
saa moja na dakika arubaini,
sikupepesa.