Ladha ya Kuku

Pakiti imeandikwa: ladha ya kuku.
Kuku mwenyewe hayumo, limo jina lake
na picha yake, kifua mbele, kama mgombea udiwani.
Namimina maji ya moto, nasubiri dakika tatu,
nakula nimesimama, mgongo kwenye friji la soda,
maana keshia wa zamu ya jioni
hana kiti cha kulia chakula.

Miezi minne sasa.
Tambi, biskuti, soseji ya kijiti,
kinywaji cha kuongeza nguvu chenye rangi ya dawa ya mswaki.
Nashiba haraka. Njaa nayo hurudi haraka,
kama mgeni aliyesahau mwavuli.
Usiku, chumbani kwangu Pasua,
kichwa kinavuma kama transfoma,
nalala bila kulala,
naamka nimenuna na sijui nimenuna na nani.
Juzi nilimfokea mtoto wa mwenye nyumba
kwa kupiga chafya.
Kupiga chafya!

Nilidhani ni mapenzi. Kisha nikadhani malaria,
nikapima: hakuna wadudu.
Daktari akauliza, "Unakula nini?"
"Nakula vizuri," nikasema,
nikavitazama viatu vyangu.

Jumamosi, simu kutoka stendi:
"Dada Aikaruwa, una mzigo wako hapa, njoo kabla sijaondoka."
Mkungu mzima wa mshare,
umevikwa majani makavu, umekazwa kwa kamba ya mgomba,
na fundo ni la mama, nalijua,
halifunguliwi kwa papara.
Mnafu. Parachichi mbili.
Chupa ya maziwa mgando, kizibo chake gunzi.
Hakuna barua, hakuna tarehe ya mwisho wa matumizi.
Lakini ndizi zina saa yake:
usipozipika, zitaiva zikikucheka.

Basi nikamenya.
Utomvu ukanishika vidole, mweusi,
ule unaoidharau sabuni.
Nikaweka mifupa, nikapuliza mkaa mpaka macho yakalia,
nikaponda mtori kwa mwiko wa kuazima
hadi bega likaniuliza nimekosana na nani.
Harufu ikatoka uani bila kuaga.
Ndeonasia akaja na kijiko chake mwenyewe.
Fundi viatu wa chumba cha mwisho akaja
(kwa mwaka mzima tuliulizana tu kama umeme upo)
akasema bibi yake wa Rau alitia pilipili kidogo,
akaenda kuileta.
Mtoto wa mwenye nyumba akaonja, akapiga chafya.
"Afya," nikamwambia.
Nikala nimeketi, juu ya ndoo iliyogeuzwa,
polepole, moto ule haukubali haraka.

Sisemi nilipona.
Kodi ilibaki pale pale, na zamu ni ile ile.
Ila usiku ule usingizi ulikuja wenyewe, ukavua viatu,
na alfajiri jogoo wa jirani akawika:
kuku kamili, na sauti yake.

Jumatatu niko kaunta namba tatu,
vidole vyeusi, napitisha pakiti moja baada ya nyingine,
tii, tii, inasema mashine.
Mama mmoja akanitazama mikono.
"Umemenya mshare wewe."
Hakuuliza. Akatabasamu, akachukua chenji yake.

Mchana nikampigia mama kushukuru.
Akakohoa, akazunguka na habari za ng'ombe,
habari za mvua, za harusi ya Elinami,
kisha, kwa sauti ya mtu anayeomba sigara kanisani:
"Ukija, mwanangu, niletee ile supu ya pakiti.
Ile yenye kuku."

Nilicheka mpaka meneja akageuka.
Nikamwambia kuku hayumo, mama.
"Najua," akasema. "Lakini nimekula ndizi
tangu siku niliyoota meno."

Nimemnunulia mbili.
Nimezifunga kwa kamba ileile ya mgomba.
Mara tatu nimelikaza,
fundo langu bado linalegea.