Pasi ya Hospitali

Katika bonde moja la Welisi, mvua ikichapa uwanja,
mpira uliachiwa hewani: mrefu, mlegevu, hauna haraka.
Hefin akautazama mpira.
Mabega mawili yalimtazama Hefin.

Pasi ya hospitali, waliita.
Mwenye mpira anakiona kishindo kikija,
anakiona, na bado anakurushia wewe,
mikono juu, mbavu wazi kama mlango wa kanisa Jumapili.
Ilimgharimu mtulinga,
na wiki tatu za supu ya liki.

Neno lilipona kabla yake.
Likavua njumu, likafunga tai,
likapanda ngazi za halmashauri:
Ijumaa, saa kumi na moja, bosi anakwenda likizo,
anakusukumia jalada. "Kadogo tu haka."
Ndani mna daraja lenye ufa.

Nani alilitamka kwanza? Hajulikani.
Idwal wa klabuni huapa ni babake.
Idwal huapa mengi.

Jana, kwenye ushoroba unaonuka dawa,
daktari alimweleza Emlyn, kaka mkubwa.
Emlyn akampigia Nerys.
Nerys akanyamaza, akakohoa, akampigia Hefin:
"Wewe ndiye unayeishi na Mama.
Mwambie wewe."

Ukaja, mrefu, mlegevu.
Hefin akanyoosha mikono, maana ungeanguka wapi?
Lakini safari hii hakuutazama mpira.
Alimtazama Mama, anamenya viazi,
redio imefunguliwa chini chini.
Akavuta kiti.
Akachukua kisu cha pili.