Kapu la Sita

Mitiki ya Longuza imepandwa kwa kamba,
safu na safu;
kisahani hakijui safu.

Shekue kafunga rimu ya baiskeli shinani,
kaning'iniza minyororo chakavu.
"Kapu ndilo hilo. Rusha, Muheza kuna mvua."

Narusha.
Kinapinda kushoto kama mtu aliyemwona mdai wake,
ko! kwenye gome,
kinazama katika majani makavu, mapana kama nyungo.

Tunakisaka kwa miguu.
Siafu wanatupata kwanza.

Mara ya tatu, gome.
Ya nne sikulenga; nilikuwa najikuna,
mkono ukaenda wenyewe,
na minyororo ikalia njuga.

Shekue akaandika kiganjani, kwa mkaa: sita.
"Nne!"
"Mbili za siafu," akasema,
akakunja ngumi.